Mgongo wa Roshani

Kambini Al-Amerat, chumba cha vitanda vinane,
nilimfundisha Shekue boriti kwa godoro.
Godoro la sponji, jembamba, lenye jasho la mtu aliyekwisha kuhama.
Nikalichora ubavuni mistari ya kalamu,
wima, sawasawa, kama meno ya kitana,
tukalilaza juu ya ndoo mbili.
Kaa katikati, nikamwambia.

Akakaa. Likabonyea.
Juu mistari ikasongamana,
chini ikaachana kama ndugu waliogombea shamba.
Huko juu zege linafinywa, na kufinywa linakuweza,
libebeshe ghorofa, halisemi kitu.
Lakini livute:
linakatika kama mkate wa juzi.
Ndiyo maana nondo tunazilaza tumboni,
nne, za milimita kumi na sita,
juu ya biskuti za zege, zisiguse mbao,
maana nondo inayochungulia nje huliwa na kutu.
Na ringi?
Ringi zibananishe karibu na nguzo.
Pale boriti hukatika mshazari, ghafla, bila kuaga.

Akaelewa. Kijana wa Korogwe, mikono myepesi.
Siku tatu akafunga nyumba nzima ya Bi Thuwaiba:
boriti za sebule, za jiko,
na roshani ya mita moja na nusu
itokeze hewani bila nguzo,
"nianike mashuka yangu nikiuona mlima,"
alisema, kwa Kiswahili cha Wete
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakipunguza chumvi.

Zege la Julai humwagwa usiku.
Mchana nondo huunguza kiganja,
maji hukimbia kabla saruji haijayanywa.
Gari tuliliagiza saa nane, na barafu ndani yake.
Saa nne nikajinyoosha.

Shekue alikuwa ukingoni mwa kitanda chake, anakata kucha.
Godoro lilikuwa limeteleza, nusu yake nje ya chaga,
naye amelikalia huko huko nje.
Mistari yangu ya kalamu:
juu imeachana,
chini imesongamana.

Nikatazama. Nikatazama tena.
Roshani haina ndoo ya pili.
Ni mkono ulionyooshwa na sinia juu yake,
na kinachouma ni mgongo.
Nami nilisema tumboni. Kila mahali, tumboni.

Gulzada, msimamizi, alifoka kwa lugha tatu,
akamulika ramani kwa tochi ya simu,
akanyamaza,
akaenda kuleta koleo la tatu.
Tukakata waya tuliofunga wenyewe.
Nondo tukazipandisha juu,
tukazirudisha ndani ya nyumba mita mbili zishike,
chini yake vigoda vya chuma
ili buti la mtu lisizizamishe.
Shekue hakuuliza kosa la nani.
"Nilikufundisha nusu," nikasema.
"Nipe waya," akasema.
Fundo la mwisho tulilikaza gari likiwa getini,
pipa lake linazunguka, barafu inagonga.

Siku saba Bi Thuwaiba alilowesha magunia mwenyewe,
mpira wa maji mkononi, ananung'unikia jua.
Siku ya ishirini na nane tukang'oa mirunda,
kuanzia nchani, tukirudi ukutani, mmoja mmoja,
kila mtu akiuzuia ulimi wake.

Ikakaa.

Yeye akaona kingine, sebuleni, tumboni mwa boriti:
ufa, mwembamba kuliko unywele.
"Usipoziba ufa," akaanza.
Huo uache, Bibi.
Hapo zege limesema siwezi,
na chuma kimeitika.
Hakuniamini. Akauchorea tarehe kwa penseli,
auchunge usiku na mchana.
Kisha akapanda na beseni la mashuka.

Godoro bado lina mistari, wino hautoki kwenye sponji.
Tulibadilishana; sasa nalilalia mimi.
Nikigeuka usiku huipapasa kwa kidole,
nikitafuta upande unaoachana.